Jibu kwa Wanaosifu Risasi

Kuna neno ambalo tumelisikia mara nyingi mno, njiani kwenda shambani, sokoni, na hata mlangoni mwa kanisa Misa ikiisha. Neno lenyewe ni hili: "Apatikane askari mmoja tu mwenye moyo, ampige mkubwa risasi, na taabu yetu itakwisha." Wanaolisema si watu wabaya. Wengi ni vijana wetu wenyewe, tuliowafundisha katekismu na kuwasindikiza kwenye Kipaimara. Wamechoka. Kanyabayonga ilipoingia mikononi mwa M23, tarehe 28 Juni 2024, watu walikimbia na magodoro kichwani kwenda Kayna, Kirumba, Lubero, hata Butembo, wakalala katika vyumba vya shule na katika nyumba za watu. Mtu aliyelala hivyo pamoja na watoto wake hutafuta dawa iliyo fupi. Twamhurumia. Lakini dawa hii ni sumu, nasi hatuwezi kunyamaza, hasa baada ya kumsikia mmoja wao akiongeza kwa majivuno: "Kasereka alifanya, na Kasereka ni wetu."

Haya basi, tuongee habari za Kasereka. Jina hilo twalijua, katika nyumba za Wanande hupewa mtoto wa kiume wa tatu, na ukiita "Kasereka!" katikati ya soko watageuka watu kumi. Lakini vijana wetu huanza hadithi pale palipowapendeza, yaani tarehe 16 Januari 2001, ndani ya Jumba la Marumaru mjini Kinshasa. Sisi tutaanza nyuma kidogo, kwa njama iliyoshindwa. Hiyo hawaitaji kabisa, wala haishangazi, kwa maana haina shujaa.

Mwezi wa Oktoba 1996, vita vilipowaka katika Kivu, watu wanne walitia sahihi mapatano ya Lemera, wakauzaa umoja ulioitwa AFDL. Majina yao yafaa kukumbukwa: Laurent-Désiré Kabila, André Kisase Ngandu, Anselme Masasu Nindaga, na Déogratias Bugera. Siku chache tu baadaye, tarehe 29 Oktoba, Askofu Mkuu Christophe Munzihirwa aliuawa na askari katika njia ya Bukavu. Hao wanne walisema wamekuja kumwondoa Mobutu na udhalimu wake. Watu wakawaamini, na watoto wakawafuata. Hao ndio kadogo: watoto walioacha daftari wakashika bunduki ndefu kuliko miguu yao, wakatembea mpaka Kinshasa, wakaingia tarehe 17 Mei 1997. Sisi tulio na miaka thelathini na kitu leo tulikuwa wadogo mno kwenda. Kaka zetu ndio walioondoka, na wengine hatukuwaona tena.

Sasa tazameni mwisho wa wale wanne. Kisase aliuawa Januari 1997, akiwa safarini kutoka Goma kuelekea Butembo, hata kabla ya Kinshasa kutekwa. Wakuu wake walisema ni Mai-Mai waliomvizia, na wengi hawakusadiki. Bugera alijitenga mwaka 1998 akawa miongoni mwa waanzilishi wa RCD, akampiga vita mwenzake wa jana. Masasu aliuawa kwa amri ya mahakama ya Kabila. Na Kabila aliuawa na mlinzi wake. Katika watu wanne waliokula kiapo kimoja, watatu walikufa kwa risasi katika muda wa miaka minne na kidogo, na hakuna hata mmoja kati ya hao watatu aliyeuawa na askari wa Mobutu akipigana vitani. Je, hiyo ndiyo dawa fupi?

Habari ya Masasu ndiyo inayotuhusu leo. Alikuwa kijana wa Kivu, na kadogo wengi walimpenda kuliko mkubwa mwingine yeyote, kwa sababu ndiye aliyewachukua kutoka kwao. Novemba 1997, miezi sita tu baada ya ushindi, Kabila alimtia gerezani; mwaka 1998 akahukumiwa miaka 20. Mwaka 2000 akaachiliwa. Wakati huo nchi ilikuwa katika vita vya pili, vilivyoanza tarehe 2 Agosti 1998: Rwanda na Uganda upande huu, Angola, Zimbabwe na Namibia upande ule. Kabila alikuwa ametawala tangu mwanzo kwa amri zake mwenyewe, kazi za vyama amezikataza, bunge la kuchaguliwa halipo. Huyo ndiye mtawala tunayemsema, nasi hatutamtakasa kwa sababu ameuawa. Basi Oktoba 2000, Masasu akakamatwa tena, akashitakiwa kwamba amekula njama na askari wa Kivu ili kumwangusha mkubwa. Makadogo wengi wenye asili ya Kivu walikamatwa pamoja naye. Mwisho wa Novemba, karibu na Pweto huko Katanga, alipigwa risasi pamoja na askari wengine. Mwanzoni mwa Desemba, Pweto yenyewe ikatekwa na adui. Yaani jeshi lilikuwa linawaua watu wake siku zile zile lilipokuwa linashindwa vita.

Je, njama ile ilikuwako kweli? Hapo ndipo shitaka letu linapoanza. Hakuna raia aliyeonyeshwa ushahidi, wala mwenye cheo wala mama wa kadogo. Mahakama iliyowahukumu watu hao ilikuwa ile ya kijeshi aliyoiunda Kabila mwenyewe mwaka 1997, isiyokuwa na rufani. Ikiwa Masasu alikuwa na hatia, uchi wa hatia hiyo ulifichwa pamoja na maiti yake. Ikiwa hakuwa nayo, damu yake inalia kutoka udongoni kama ya Abeli. Kwa vyovyote vile, kadogo waliobaki walijua jambo moja tu: kamanda wao ameuawa gizani. Na kijana aliyefundishwa tangu umri wa miaka kumi na miwili kwamba bunduki ndiyo hakimu, atakwenda kwa hakimu gani mwingine?

Siku hamsini baadaye Rashidi Kasereka aliingia katika chumba alimokuwa Kabila, akampiga risasi. Naye akauawa papo hapo. Twasema wazi, bila kuuma maneno: lile lilikuwa tendo la kisasi, jibu la mauaji kwa mauaji. Anayelifanya kuwa ukombozi wa taifa anajidanganya.

Tena mnakumbuka siku zile? Siku mbili nzima serikali ilisema mkubwa amejeruhiwa tu, anatibiwa. Tarehe 18 ndipo ilipokiri kwamba amekufa. Wakati huo Kanyabayonga ilikuwa mpakani mwa RCD mbili zilizogombana, ile ya Goma na ile ya Beni, na wazee walikaa na redio zao masikioni wakihofu lipi litafuata. Hatukumbuki furaha. Twakumbuka kwamba mama zetu walifunga milango mapema.

Na lipi lilifuata? Tuwaulize wanaosifu. Walebanoni kumi na mmoja waliokuwa wakiishi Kinshasa walikamatwa na kuuawa, bila hukumu yoyote. Askari wa Kivu walisakwa: kuzaliwa upande wetu kukawa ushahidi. Machi 2002 ikaanza kesi ndani ya gereza la Makala, mbele ya mahakama ile ile isiyo na rufani, watu 135 wakiwa washitakiwa, na kati yao wanawake ambao kosa lao lilikuwa kuolewa na watu waliotoroka. Tarehe 7 Januari 2003 hukumu ikasomwa: 30 wafe. Zaidi ya 40 wakaambiwa hawana hatia, wakaenda nyumbani. Miaka waliyokaa gerezani hakuna aliyewarudishia. Wale waliohukumiwa kufa hawakuuawa, lakini waliachwa humo waoze, na baadhi yao walifia humo. Kanali Eddy Kapend, aliyekuwa msaidizi wa Kabila, alitoka Januari 2021 kwa msamaha wa Rais Tshisekedi, pamoja na wenzake kadhaa. Miaka ishirini! Na msamaha, ndugu zangu, si ukweli. Mwenye hatia husamehewa. Asiye na hatia husafishwa jina lake. Hao walifunguliwa mlango tu, faili ikabaki imefungwa.

Hayo ndiyo mavuno ya risasi ile. Kijana anayesema "Kasereka ni wetu" ajue kwamba na wale waliosakwa kwa sababu ya Kasereka walikuwa wetu.

Sasa tujibu wale wenye elimu, maana nao wapo, na hoja zao si za kudharau. Mmoja alituambia: "Ninyi makatekista mnasahau Yudithi. Je, hakumkata kichwa Holoferne?" Hatumsahau. Lakini Holoferne alikuwa jemadari wa jeshi la kigeni lililouzingira mji, na Yudithi aliwaaga wazee wa mji mlangoni kabla ya kutoka. Afadhali wangemkumbuka Daudi. Sauli alikuwa mfalme dhalimu, amewaua makuhani, anamwinda Daudi kama mnyama. Akaingia pangoni peke yake, na Daudi alikuwa mle gizani na upanga mkononi. Watu wake walimwambia maneno yale yale ya vijana wetu: leo ndiyo siku. Daudi akakata upindo wa vazi tu, kisha akatoka nje, akasimama mwangani, akamshitaki Sauli kwa sauti kubwa mbele ya jeshi lote. Alimshitaki! Hakukaa kimya kwa jina la upole. Hilo la kushitaki mwangani tutalirudia.

Mwingine, ambaye amesoma historia ya Ulaya, akatuletea Wajerumani. Hoja yake ni nzito zaidi. Tarehe 20 Julai 1944, katikati ya vita vikuu, Kanali Claus von Stauffenberg, Mkatoliki, mwenye jicho moja na mkono mmoja baada ya kujeruhiwa Afrika ya Kaskazini, aliweka mkoba wenye bomu chini ya meza ya Hitler, huko Rastenburg katika Prussia Mashariki. Afisa mmoja akausogeza mkoba nyuma ya mguu mnene wa meza. Bomu likalipuka, watu wanne wakafa, na Hitler akatoka na suruali iliyochanika. Usiku ule ule Stauffenberg na wenzake watatu walipigwa risasi uani, Berlin. Kisha ikaja mahakama ya Freisler, ambamo hakimu aliwatukana washitakiwa kabla ya kuwanyonga, na watu wengi sana wakauawa. Padri Alfred Delp, Mjesuiti, ambaye hakushika bomu wala bunduki, alinyongwa tarehe 2 Februari 1945 kwa kuwa alikaa na watu waliofikiri Ujerumani itatengenezwaje baada ya Hitler.

Hatuthubutu kumhukumu Stauffenberg. Mtawala yule alikuwa akichoma watu kwa mamilioni, na maafisa wale walijua kwamba kila siku ya vita ilikuwa na hesabu yake ya maiti. Tena walikuwa wameandaa serikali, wameandika watakayowaambia watu, wamekubaliana kusimamisha vita. Walitaka kurudisha sheria, si kukalia kiti. Mkitaka kuwafananisha na watu wetu, fananisheni kwa haki: nionyesheni katika habari za Lemera, za Pweto au za Jumba la Marumaru, karatasi moja inayosema raia atalindwa vipi kesho yake. Haiko. Na hata wao, pamoja na maandalio yote hayo, walishindwa kwa mguu wa meza. Anayeweka tumaini la taifa zima juu ya tendo la dakika moja ameliweka juu ya mguu wa meza.

Kanisa nalo limelifikiri jambo hili muda mrefu kuliko sisi. Mtakatifu Tomaso wa Akwino alifundisha kwamba, dhidi ya ukatili wa mtawala, hatua ichukuliwe na mamlaka ya watu wote, wala si kwa kujitwalia kwa mtu mmoja mmoja. Mtaguso wa Konstansa, Julai 1415, ulilaani fundisho kwamba raia yeyote aweza kumuua dhalimu kwa hila na uviziaji, bila kungoja hukumu ya hakimu yeyote. Papa Paulo wa Sita, katika Populorum Progressio ya mwaka 1967, alikiri kwamba kuna udhalimu wa wazi na wa muda mrefu unaovunja haki za mtu na kuidhuru nchi; lakini akaonya kwamba maasi huzaa dhuluma nyingine. Basi mtu asituambie kwamba Kanisa linamtaka mnyonge apige magoti mbele ya mnyang'anyi. Halisemi hivyo. Husema: mauaji ya gizani huzaa giza.

Imebaki hoja moja, nayo ndiyo ngumu kuliko zote, hatutaikwepa. Watasema: "Lakini Mzee alipokufa, amani ilisogea." Ni kweli kwa sehemu. Mapatano ya Lusaka ya mwaka 1999 yalikuwa yamekwama, na mwanawe Joseph aliyakwamua. Watu wakakutana Sun City mwaka 2002, na Juni 2003 serikali ya pamoja ikaundwa. Hatukatai yaliyotokea. Twauliza tu: amani hiyo ilimfikia nani? Mwisho wa mwaka 2002 na mwanzo wa 2003, walipokuwa wakigawana viti, watu wa Mambasa walikuwa wakikimbia porini kuelekea Beni, wakikimbia wale waliokiita kitendo chao "kufuta ubao". Kilichosogea mwaka 2001 kilisogezwa na mazungumzo, na mazungumzo yale yalitakiwa na watu kabla ya risasi. Walioyaomba mapema wanajulikana. Tunaye mmoja wa kwetu.

Mwaka ule ule wa 2000, wakati Masasu anatoka gerezani na kurudi tena, Askofu Mkuu Emmanuel Kataliko alikuwa uhamishoni. Wazee wa Butembo na Beni hawahitaji kuambiwa Kataliko ni nani; alikuwa askofu wao tangu 1966 hadi 1997, kabla ya kupelekwa Bukavu kukalia kiti cha Munzihirwa aliyeuawa. Noeli ya mwaka 1999 aliwaandikia Wakristu wake barua, akawataja wageni wanaopora na wenyeji wanaowasaidia kupora. Wakuu wa RCD walikasirika, na Februari 2000 wakamzuia asirudi Bukavu, wakampeleka Butembo. Waliogopa nini? Hakuwa na kadogo hata mmoja. Watu wa Bukavu hawakushika panga: waligoma, walisali, waliandika, wakakataa kunyamaza kwa miezi saba, mpaka Septemba akarudishwa. Akapokelewa kama mfalme. Tarehe 4 Oktoba alifariki Roma.

Tena mwishoni mwa Februari 2001, wiki sita tu baada ya Jumba la Marumaru, hapo Butembo kulifanyika mkutano mkubwa wa amani. Wazungu mamia, wengi wao Waitaliani, walisafiri njia mbovu mpaka kwetu katikati ya vita, Askofu Melkisedeki Sikuli akawapokea, na wakuu wenye silaha wakalazimika kukaa na kuwasikiliza akina mama waliosimama mbele ya umati wakasema waliyotendewa. Hakuna sikukuu ya taifa kwa ajili ya siku hizo. Kijana anayesifu risasi aulize nyumbani kwake. Huenda mama yake alikuwapo.

Mtu aweza kusema kwamba barua ya Kataliko haikumaliza vita. Ndiyo, haikumaliza. Lakini hakuna aliyesakwa nyumba kwa nyumba, akaulizwa kabila lake, akapigwa risasi, kwa sababu Bukavu ilirudishiwa askofu wake.

Neno letu la mwisho si kwa vijana; ni kwa wenye mamlaka, maana ingekuwa uoga kuwakemea wadogo na kuwaacha wakubwa. Njama huota mahali ambapo hakuna njia ya kushitaki. Tangu 2003 nchi yetu ilikuwa imesimamisha kuua waliohukumiwa. Machi 2024 serikali iliondoa kizuizi hicho, na maaskofu wakapinga. Mahakama za kijeshi zimehukumu watu kufa kwa makumi tangu hapo. Twawaambia: mmekwisha kuijaribu njia hiyo, huko Pweto. Mlimuua mtu kwa shitaka la njama, na siku hamsini hazikupita vizuri. Fungueni faili ya Masasu. Fungueni faili ya Makala. Waambieni ndugu wa Walebanoni wale ni nani aliyetoa amri. Ikiwa njama ilikuwako, isomwe mwangani, kama Daudi alivyosimama nje ya pango.

Sisi makatekista tumekubaliana, tarehe 16 Januari ijayo, popote tutakapokuwa na waamini wetu, kuwaombea marehemu kwa majina: Kabila, Kisase, Masasu na askari waliouawa naye, Rashidi Kasereka, na Walebanoni kumi na mmoja. Kijana mmoja ametuambia hataweza kumwombea Kabila. Mwingine, mjomba wake, hataweza kumwombea Rashidi. Tumewaomba waje wote wawili, wakae benchi moja.